Nimeletewa mfumo wa kompyuta, fundi wangu mkuu amenuna

SWALI

Shikamoo dada mshauri.

Nina karakana ya makabati hapa Keko, Dar es Salaam. Ilikuwa ya marehemu baba. Yeye alitengeneza vitanda vya mninga na seti za makochi. Mimi nimehamia kwenye makabati ya jikoni na ya nguo kwa sababu ndiko wateja waliko siku hizi. Tuko watu 11: mafundi, vijana wa kupaka rangi, wasaidizi, dereva wa kirikuu, binti wa kupokea oda, mtoto wa dada yangu aliyemaliza chuo mwaka jana, na mimi. Kwa kawaida tuna kazi kumi na mbili mpaka kumi na tano kwa mpigo, na kila moja iko hatua yake. Hii inasubiri vipimo, ile inakatwa, nyingine iko rangi, nyingine iko saiti inafungwa.

Oda zinaandikwa kwenye daftari kubwa la mezani. Vipimo viko kwenye karatasi za mafundi. Picha na mabadiliko ya wateja yako WhatsApp, ambako tuna magrupu matatu. Na kuna mambo ambayo hayako popote isipokuwa kichwani kwa Fundi mkuu, aliyeanza kazi kwa baba mimi nikiwa shule ya msingi. Ukimuuliza jiko la Tegeta limefikia wapi, anakujibu bila kunyanyua kichwa, na hakosei.

Mwezi uliopita tuliharibu kazi. Mteja wa Goba alituma ujumbe wa sauti usiku kwenye grupu, kwamba sinki lisikae chini ya dirisha, lihamie kushoto karibu na mlango wa stoo. Binti wa oda aliusikiliza, akaweka kidole gumba, akajua na mafundi wameusikia. Mafundi wakakata kama daftari linavyosema. Tunafika saiti, mtu wa graniti ameshatoboa tundu la sinki upande wa kushoto. Kabati letu la sinki ni la dirishani, na kushoto tumeleta droo tatu. Tulirudi na makabati mawili, tukanunua bodi nyingine, tukalipia usafiri mara ya pili. Hasara ilikaribia Sh900,000, na mteja akakata kwenye malipo ya mwisho.

Baada ya hapo mtoto wa dada yangu akasema shida yetu ni kukosa mfumo wa kusimamia kazi. Akatufungulia Trello, programu ya mtandaoni ya kupanga kazi kwa kadi, ile ya bure, kila oda na kadi yake. Mwanzoni ilipendeza. Baadaye akabaki yeye peke yake anayesogeza kadi, tena kwa kuzunguka karakana akiulizia. Anasema ubaya ni wa programu za bure, tununue ya kulipia. Amemleta kijana wa kampuni moja inayofunga mifumo, akatuonyesha kwenye kompyuta mpakato: chati, rangi, ripoti, nani amewahi na nani amechelewa. Bei ni dola 11 kwa kila mtu kwa mwezi, ada ya mafunzo mbali.

Fundi mkuu alikaa kwenye kikao kile mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama mnataka kunichunga kwa simu, semeni tu." Tangu siku hiyo anakuja, anapiga kazi, anaondoka. Salamu zipo, mazungumzo hakuna. Mume wangu ananiambia niachane na kompyuta, kazi ya mbao ni mbao.

Ningeachana nayo, ila kuna mkandarasi anajenga apatimenti Mbezi Beach, anataka tumfungie majiko 24. Hatujawahi kupata kazi ya ukubwa huo. Sharti lake mojawapo ni ripoti ya maendeleo kila Ijumaa, na jibu letu analitaka mwisho wa mwezi. Sisi hata hizi kazi za kawaida zinachelewa. Mara fundi anaumwa, mara bodi hazijanunuliwa, mara umeme. Naogopa kusaini bila mfumo. Naogopa vilevile kuleta mfumo nikampoteza mzee huyu, maana akiondoka kwangu, Keko hii hii kuna watakaompokea kwa mikono miwili kesho asubuhi.

Ninunue ule wa kulipia? Nirudi kwenye wa bure? Au kuna mwingine unaotufaa watu wa karakana?

Mama Makabati, Keko

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa hilo jiko la Goba.

Nikikuelewa vizuri, umebanwa huku na huku. Mkandarasi anataka aione kazi inavyokwenda, na mzee wako anaona kuangaliwa ni kushukiwa. Hapo katikati imewekwa programu, na kila mtu, nyumbani na kazini, ameshachagua upande. Unaniuliza programu gani. Nitafika huko, lakini kwanza turudi Goba.

Ule ujumbe wa sauti haukupotea. Ulifika, ukasikilizwa, ukajibiwa. Aliyekosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuutoa kwenye simu na kuuandika pale fundi anapotazama kabla hajawasha msumeno. Sasa fikiri usiku ule mngekuwa na mfumo wa dola 11. Nani angeingiza mabadiliko? Binti wa oda? Alishawahi kuambiwa kwamba hilo ni lake? Na yule aliyekata asubuhi, angefungua kadi kwenye simu au angefunua daftari kama siku zote? Wewe ndiye unayewajua, siwezi kukujibia. Kama jibu lako ni "sijui", programu utakayoileta, iwe ya bure au ya mamilioni, italikuta swali hilo limekaa palepale.

Wapo wenye karakana wanaolimaliza kwa kanuni moja tu: mabadiliko si mabadiliko mpaka yaandikwe kwenye karatasi ya kazi, yawekwe tarehe, karatasi ipigwe picha, mteja atumiwe, ajibu "sawa". Ina gharama yake. Wateja wengine wataona unawasumbua, hasa wale waliozoea kukupigia wakiwa kwenye foleni na kusema "fanya tu kama nilivyokwambia". Na siku ya kazi nyingi mtairuka. Lakini haihitaji bando.

Tukija kwa kijana wetu, yeye anaamini Trello ilikufa kwa sababu ni ya bure. Inawezekana, ingawa umeniandikia mwenyewe kwamba alikuwa akizunguka kuulizia. Maana yake habari zilikuwepo, ila hakuna aliyeona sababu ya kuzipeleka. Fundi akisogeza kadi kutoka "inakatwa" kwenda "rangi", yeye anapata nini? Wewe unapata utulivu, kijana anapata ripoti, fundi anapata kazi ya ziada. Tena kwa bando lake mwenyewe, au ulikuwa unawawekea? Ningependa kujua. Mambo madogo kama hayo huua mfumo kimyakimya, halafu lawama zinaangukia programu.

Kwa Fundi mkuu niende polepole. Umeniandikia kwa mshangao kidogo kwamba anajua kila jiko lilipofikia, na hakosei. Basi mfumo mnao, mdogo wangu, na umeendesha karakana hiyo tangu enzi za baba yako: ni yeye. Watu wanamfuata kuuliza. Wewe unamfuata kuuliza. Heshima yake hapo Keko, kwa sehemu kubwa, ni huko kuulizwa. Siku moja anaitwa kikaoni, anaonyeshwa kioo kinachojibu yale aliyokuwa akijibu yeye, na ukurasa mmoja una orodha ya nani amechelewa. Yule kijana wa kampuni hakujua kwamba anamwonyesha mzee mahali ambapo jina lake lingeweza kuwaka jekundu mbele ya vijana aliowafundisha kushika randa. Wewe ulijua? Nadhani kama ungejua ungekaa naye kwanza.

Nakuomba pia usikimbilie kusema hapendi teknolojia. Huenda ndivyo. Huenda pia macho yamechoka, na herufi za simu ni ndogo, na vumbi la bodi za MDF halimuonei huruma mtu wala kioo cha simu. Huenda kuandika si jambo lake na hataki lijulikane. Kuna jambo jingine ambalo hukuniambia: mafundi wako unawalipa kwa siku, kwa mwezi, au kwa kazi? Kama ni kwa kazi, kadi yenye tarehe inagusa mfuko wa mtu, na neno "kunichunga" linaweza kuwa na maana ya hesabu kabisa.

Una mstari mmoja umeupita haraka: "mara bodi hazijanunuliwa". Niruhusu niusimamie. Kwenye kazi za samani mara nyingi bodi hazijanunuliwa kwa sababu kianzio cha mteja huyu kimemalizia kazi ya mteja yule. Sisemi kwako ndivyo, na kama ndivyo, hauko peke yako mtaani hapo. Ila fahamu kwamba mfumo wowote unaofanya kazi sawasawa utalianika hilo. Kila mtu mwenye ruhusa ya kuona ataona jiko la fulani limekaa kwenye "inasubiri bodi" huku kianzio kililipwa zamani. Je, uko tayari mafundi walione? Uko tayari wewe mwenyewe uliangalie kila asubuhi? Baadhi ya wenye biashara hununua mfumo ili kuwaona wafanyakazi, wa kwanza kuonekana wakawa wao.

Sasa tuzungumze vitu vyenyewe.

Unaweza kuanza na ubao ukutani. Usicheke. Mpangilio wa kadi kwenye Trello ulianza viwandani kwa kadi za karatasi. Toyota ya Japani, kwa kazi ya mhandisi Taiichi Ohno, ilikuwa ikiendesha uzalishaji kwa kadi tangu miaka ya 1950, na Trello ilipotoka mwaka 2011 ilipeleka mtindo huo kwenye kioo. Ubao mkubwa karibu na meza ya kukatia, safu za "vipimo", "bodi", "kukata", "rangi", "kufunga", na kila oda karatasi yake yenye mchoro. Fundi anauona bila simu, na Fundi mkuu anaweza kuwa ndiye mwenye ruhusa ya kusogeza karatasi. Ubaya wake ni kwamba dereva akiwa Tegeta hauoni, karatasi hudondoka, na mkandarasi hutamtumia ubao. Mtu atalazimika kuupiga picha kila jioni.

WhatsApp Business nayo usiidharau kwa kuwa mmeizoea. Ni bure, na ina lebo unazoweza kuweka kwenye mazungumzo: oda mpya, malipo hayajakamilika, imelipwa, na nyingine za kujitungia. Kwa wateja wa nyumba mojamoja inasaidia kweli. Lakini lebo inakaa kwenye mazungumzo na haijui kazi ngapi ziko ndani yake. Mkandarasi wa majiko 24 ni mazungumzo mamoja, na lebo haitakwambia jiko la ghorofa ya pili limekwama wapi. Angalia pia namba ya biashara iko kwenye laini ya nani. Binti wa oda akiolewa Mwanza, wateja wasisafiri naye.

Ukirudi Trello, ujue mambo mawili ambayo kijana huenda hajakwambia. Tangu 2024 mpango wa bure unapokea washirika 10 tu, nanyi mko 11. Si lazima kila mtu awe na akaunti, kwa hiyo hilo linazungumzika. La pili linaniumiza kichwa zaidi: kwenye mpango wa bure, ukitaka kutoa taarifa zako uhamie kwingine, unapewa faili la kimashine. Lile la kufungua moja kwa moja kwenye Excel ni la wanaolipia daraja la juu. Kwa kazi kumi na tano si msiba. Kwa kumbukumbu za wateja wa miaka mitano, fikiria. Google Sheets, jedwali la mtandaoni, haina rangi za kupendeza, lakini taarifa zako zinatoka kirahisi, na jedwali la safu chache mtu yeyote aliyewahi kuandika daftari la oda atalielewa. Ubaya wake ni kwamba mtu mmoja akifuta safu kwa kidole, wengi hawatagundua mpaka mteja apige simu.

Ule wa kulipia nao tuupigie hesabu. Watu 11 kwa dola 11 ni dola 121 kwa mwezi, dola 1,452 kwa mwaka, kabla ya mafunzo. Wewe unauza kwa shilingi. Mwaka 2024 dola ilipanda ikapita Sh2,700, kisha ikashuka kuelekea Sh2,400 kabla mwaka haujaisha. Mfumo uleule, tofauti ya zaidi ya Sh400,000 kwa mwaka, na hakuna aliyekuongezea hata kitufe. Ungeweza kulipia watu wawili au watatu tu, wewe, kijana na binti wa oda, na karakana ikabaki na ubao. Wanaofanya hivyo wanaokoa hela. Hatari yao ni kwamba siku kioo na ubao vikitofautiana, karakana itakuwa na kweli mbili, na yaliyotokea Goba yanaweza kujirudia. Ukienda njia hiyo, amueni mapema kipi kinashinda.

Jambo fupi kuhusu wateja: majina, namba za simu na ramani za nyumba za watu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Yeyote atakayekuuzia mfumo, muulize taarifa hizo zinakaa wapi na ukiacha kulipa zinakwenda wapi. Kijana wa mauzo akijibu "zinakaa kwenye wingu, mama, usijali", jali.

Nije kwenye majiko 24, kwa sababu nadhani ndiyo yanayokunyima usingizi. Kazi hiyo haifanani na unazozijua. Oda kumi na tano za nyumba mbalimbali ni michoro kumi na tano, wateja kumi na tano, na kila mmoja anabadilisha mawazo usiku. Majiko 24 ya apatimenti huwa na michoro miwili au mitatu inayojirudia, na anayebadilisha mawazo ni mmoja. Kufuatilia ni rahisi kuliko unavyoogopa. Jedwali la mistari 24 linaenea kwenye karatasi moja. Pa kuogopa ni kosa. Kipimo kikikosewa kwenye jiko la mfano, unakikosea mara 24, na hapo hakuna programu itakayopiga kelele. Atakayepiga kelele ni mtu anayejua kwa macho kwamba droo hiyo haitafunguka ikikutana na mlango wa friji. Huyo unaye. Kama anaongea na wewe au haongei, hilo ni suala la karakana kama lilivyo suala la bodi.

Kwa hiyo sina uhakika kama swali la mfumo na swali la mzee ni maswali mawili. Ungeweza kwenda kwake peke yako, bila kijana na bila kompyuta, umuulize Goba tungeizuiaje. Umsikilize mpaka mwisho. Anaweza kukupa utaratibu mzuri kuliko wa yule muuzaji. Anaweza pia kukwambia hataki lolote, na hapo utakuwa na uamuzi mgumu, ila utakuwa unamjibu yeye mwenyewe badala ya kujibu ukimya wake. Hatari ya kumngoja mpaka aridhike ni mwisho wa mwezi. Hatari ya kumruka ameshakuonyesha. Na mtoto wa dada yako usimsahau. Amejituma, na akiona kazi yake imezimwa kwa ajili ya mzee bila maelezo, utakuwa na wawili walionuna.

Kabla ya yote hayo, mpigie mkandarasi umuulize jambo dogo: ripoti ya Ijumaa anaitaka ikae vipi? Wengine wanataka ile chati ya mistari iitwayo Gantt, kwa jina la mhandisi wa Marekani aliyeieneza miaka ya 1910. Wengine wana mfumo wao na watakufungulia nafasi ya mgeni bure. Na wapo ambao wakisema "ripoti" wanamaanisha picha sita za WhatsApp na sentensi mbili: majiko mangapi yamefungwa, mangapi yako rangi. Mwombe akutumie ripoti ya fundi mwingine aliyeipenda, mtu wa alumini au wa jipsamu. Ukishaishika mkononi, niandikie tena, pamoja na jibu la mzee.